Msilipe avansi ya hilo gari-nyumba Jumamosi: kodini kwanza, tena wakati wa mvua

Papa, Mama, shikeni kwanza hiyo pesa. Nimesoma swali lenu na moyo umenienda mbio. Mmestaafu wote wawili, dekonti finali, pesa yenu ya mwisho wa kazi, imeingia, watoto wako mbali, na mnataka gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, la kutoka Johannesburg ili mzunguke Likasi, Kolwezi, maporomoko ya Kiubo, halafu mvuke Kasumbalesa kuingia Zambia, mpaka Livingstone. Mnauliza: kukodi au kununua, gari la aina gani, jiko la gesi au la makala (makaa), na karatasi za mpakani. Halafu kule chini kabisa, kama jambo dogo, mmeandika kwamba komisioneri, yaani dalali, amewapatia gari «la 2009, kilomita 41,000 tu, halijachoka», na Jumamosi mnampa avansi, malipo ya kwanza.

Sentensi hiyo naijua. Mimi na mzee wangu, mume wangu, tuliambiwa ileile.

Hizo kilomita chache ndizo zinazonitisha. Kwa taksi ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, kilomita chache ni bahati. Kwa gari-nyumba maana yake lilisimama uani miaka mingi, juani na mvuani, na gari la namna hii likisimama linakuwa kama nyumba isiyokaliwa: linaoza bila mtu kujua. Tairi zinakauka. Batri za ndani, zile za taa na pampu ya maji, zinakufa. Gundi inayoziba paa, madirisha na kile kidirisha cha juu ya kitanda inapasuka nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni ukisimama chini. Na ukuta wa magari mengi ya zamani ni bati jembamba au plastiki kwa nje, vipande vya mbao na sponji katikati, tripleksi, ubao mwembamba wa matabaka, kwa ndani. Maji yakipata tundu la sindano, yanashukia katikati, na ninyi mliolala humo mnaona ukuta safi wenye maua.

Letu lilikuwa linang'aa. Komisioneri wetu alitufungulia mlango, akawasha taa, akafungua jokofu, akatuonyesha mashuka. Ndani palinukia marashi. Papa, gari la kuuza likinukia marashi, jiulizeni linaficha harufu gani. Tulilipa pesa ambayo ingetununulia parseli, kiwanja, na kuanza kujenga. Mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa kumi na moja ilitukuta Likasi usiku. Maji hayakudondoka kutoka juu. Yalitokea kwenye kona karibu na mto wa kulalia wa mzee wangu, yakitiririka polepole, ya rangi ya chai. Tuliporudi, fundi wa Kampemba alibonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha. Ukuta ukabonyea, haukurudi. Akachukua turnevisi (bisibisi), akaiegemeza tu, bila kusukuma. Ikaingia mpaka mpini. Alipoitoa, ilikuwa na unga mweusi wa mbao, umeloa. Akatuambia ubao umeoza mpaka sakafuni, na kuutengeneza ni kuvua ukuta mzima na kuujenga upya, kwa vifaa ambavyo hapa Lubumbashi hakuna anayeviuza.

Wajukuu wakaliita Hoteli ya Mvua. Tulicheka nao, kulia hakungesaidia kitu.

Bado tairi. Zilikuwa na meno mazuri, komisioneri alizipigapiga teke mbele yetu: «Mama, hizi ni mpya.» Moja ya nyuma ilipasuka karibu na Lwisha, ikang'oa bati la juu ya gurudumu na bomba la maji. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne mwishoni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu ilisoma 3511, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2011. Raba inazeeka hata isipotembea. Ikifika miaka sita au saba, anzeni kuiogopa; ikipita kumi, itoeni, hata kama meno yake ni marefu kama siku ya kwanza. Na kuna uzito. Mengi ya magari haya yana kikomo cha kilo 3,500 pamoja na watu, maji, gesi na vyombo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Halafu nani kati yetu anarudi kutoka barabarani bila magunia ya makala na unga wa bukari (ugali)?

Yule bwana alijua. Mtu anayepulizia marashi ndani ya gari anajua. Alikula kamisheni kwetu, akala na kwa muuzaji, na nilipompigia simu akaniambia eti gari lilikuwa zima mpaka lilipofika kwetu, kwamba barabara za Kongo ndizo zilizoliharibu. Mbao haziozi kwa mwezi mmoja! Nina hasira naye mpaka leo, na nina hasira pia na wale wanaotutumia video za wazee wa Ulaya wanaoegesha kando ya ziwa, wanafungua bomba la maji masafi, wanamwaga tangi la choo mahali palipojengwa kwa kazi hiyo. Kati ya hapa na Kolwezi mtamwaga wapi?

Tulishaona haya mjini kwetu. Mwaka 2003 na 2004, wazee wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, walipopewa pesa za kuondoka kwa hiari, ni wangapi walionunua taksibasi kwa neno la mtu, na ni wangapi waliobaki na gari juu ya matofali uani? Pesa ya mwisho wa kazi haiji mara mbili. Makomisioneri wanajua siku inapoingia kuliko hata sisi.

Hilo la Johannesburg lina shida nyingine ambayo hakuna atakayewaambia. Kule wanaendesha kushoto, sisi kulia. Usukani uko kulia, hilo tumezoea, lakini hata mlango wa chumba uko kushoto. Hapa mkiegesha kulia kwa barabara, mnashukia upande wa malori. Na njia ya Kolwezi na ya Kasumbalesa imejaa malori ya shaba. Mkitaka kulipita moja, dereva aliyekaa kulia haoni kitu. Mama ndiye atakayechungulia na kusema «pita» au «ngoja». Mimi nilifanya kazi hiyo na sitaki tena.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: kodini kwanza, na mkodi wakati wa mvua. Si mwezi wa saba wakati kila gari ni zuri na kila njia ni kavu. Mwezi wa kwanza. Mlale humo usiku mwingi mfululizo mpaka mchoke, kwenye njia ileile mnayotaka kuizunguka.

Kwa upande wa Zambia, Lusaka na Livingstone kuna wanaokodisha pikapu zenye hema juu ya paa, na vyombo vya kupikia ndani. Vukeni Kasumbalesa kwa basi, mchukue gari kule kule, kwa sababu wengi wanakataza gari lao kuingia Kongo. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Na mjaribu ile ngazi ya hema usiku, mvua inanyesha, goti linauma na mkojo umebana. Usiku mmoja wa namna hiyo utawaambia zaidi ya maneno yote ya komisioneri. Kwa upande wa kwetu, kodini Land Cruiser na dereva wake, mchukue hema la chini, na mvua ikizidi mlale kwenye nyumba za wageni za mapadri. Mkifika Kiubo mkaona tope linaloanza mkishaacha lami, mtaelewa kwa nini sitaki kusikia habari za Fiat Ducato, na magari-nyumba mengi yamejengwa juu yake. Ya kawaida yanavutwa na magurudumu ya mbele, mzigo wote uko nyuma, na kwenye mlima wenye utelezi yale ya mbele yanazunguka bure.

Baada ya hapo, kama bado mnalitaka, nunueni. Sitawazuia. Lakini mtakuwa mnajua mnanunua nini, na mtapanda juu ya paa wenyewe.

La jiko na la karatasi za mpakani sijayagusa, wengine watawajibu. Kabla ya Jumamosi, mwambieni huyo mtu awatumie picha za sehemu nne: tarakimu za mwisho za DOT kwenye kila tairi, na ya akiba pia, gundi ya paa, ipigwe kutoka juu, kona ya ukuta nyuma ya kitanda, godoro likiwa limeondolewa, na sakafu chini ya sinki. Ziwekeni hapa, mzee wangu na mimi tutazitazama usiku huohuo. Akisema gari liko mbali, au hana muda, au kuna mteja mwingine anangoja na pesa mkononi, msimpe hata dola moja.