Maswali ya Wasomaji: Umri wa Kunywa Pombe Huamuliwa Mlangoni

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni meneja wa ukumbi wa muziki mjini Tabora. Wateja wetu wengi wa Ijumaa na Jumamosi ni vijana, hasa wanachuo, na ningependa waendelee kuja kwa kuwa ndio wanaoujaza ukumbi. Hata hivyo, hivi karibuni tulimkuta kijana wa miaka 16 amelewa chooni, na mwenye ukumbi ameniagiza nihakikishe jambo hilo halijirudii. Nimesoma kwamba Marekani kumbi za namna hii huwaruhusu vijana kuingia, lakini huwavisha bangili au kuwachora alama mkononi ili mhudumu amtambue asiyeruhusiwa kuuziwa pombe. Je, nasi tufanye hivyo? Na tukiandaa disko toto la mchana wakati wa sikukuu, bila kuuza pombe, tutakuwa salama?
Meneja, Kanyenye

JIBU: Ndugu Meneja, alama hizo zina sababu yake huko zilikotoka. Nchini Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1984 iliyoyabana majimbo kwa kutishia kuyapunguzia fedha za barabara, umri wa kununua pombe ni miaka 21, ilhali katika majimbo mengi mtu huhesabiwa mtu mzima akifikisha miaka 18. Kwa hiyo lipo kundi la watu wazima wa miaka 18 hadi 20 ambao wanaweza kuruhusiwa kucheza muziki lakini hawauziwi bia, na alama ya X mkononi ndiyo inayowatenganisha na wenzao waliomo ndani ya ukumbi huohuo. Kwetu kundi hilo halipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inakataza kumuuzia kilevi, na inamtaka mwenye baa au klabu ya usiku ahakikishe kwamba mtoto haingii kabisa. Ukimvisha bangili kijana wa miaka 16, utakuwa umejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba ulijua umri wake na bado ukampokea.

Kazi kubwa, basi, iko mlangoni, na mlangoni ndiko kumbi zetu nyingi zinakolegea. Jambo la kwanza ni kuacha kukipokea kitambulisho cha chuo kama uthibitisho wa umri. Tabora ni mji wa vyuo, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuanza masomo ya cheti akiwa na miaka 16 au 17. Kitambulisho chake kitasema ukweli kwamba ni mwanachuo, lakini hakitasema kwamba ni mtu mzima. Takeni kitambulisho cha taifa, na asiye na kadi aonyeshe namba yake ya NIDA pamoja na kitambulisho kingine chenye picha, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye simu inaweza kuwa ya kaka yake. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 2004, namba yake inaanza na 20041114. Baunsa aishike namba mkononi mwake, amuulize kijana tarehe yake ya kuzaliwa, kisha alinganishe. Mwenye namba yake hujibu papo hapo; aliyeazima huanza kutazama pembeni.

Hata hivyo, sidhani kwamba tatizo lako kubwa ni vitambulisho. Naomba uangalie namna unavyowalipa watu wako. Kama baunsa anapata chochote kwa kila kichwa kinachoingia, na mhudumu anategemea kamisheni ya kreti alizouza, umewaajiri watu ambao kila wanapofuata sheria wanajipunguzia ugali wa nyumbani. Walipe ujira usiotegemea idadi, kisha uwaahidi, tena mbele ya mwenye ukumbi, kwamba hakuna atakayekaripiwa kwa kumrudisha mteja aliyeshindwa kuthibitisha umri wake, hata kama mteja huyo amekuja na mtu mwenye gari la kifahari. Bila ahadi hiyo, tangazo la “18+” lililobandikwa ukutani ni pambo.

Ndani ya ukumbi, zitazameni zaidi meza za soda. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali ya chupa ndogo bado inaingia mfukoni au kwenye mkoba, na ujanja wa siku zote ni kuagiza soda, kuipunguza nusu, kisha kujazia. Hesabu yake inatisha: chupa ya mililita 200 yenye kilevi cha asilimia 35 ina kilevi kinachokaribia kile cha bia tatu kubwa za asilimia 5, na utamu wa soda huuficha ukali wake hadi mnywaji anaposimama na kujikuta miguu haimbebi. Mikoba ikaguliwe mlangoni, mabinti wakikaguliwa na mwanamke, na vyoo vipitiwe mara kwa mara usiku kucha.

Bangili zako zina mahali pake pamoja na hayo. Ukumbi unapokodishwa kwa harusi, kipaimara au mahafali, watoto huwamo kwa haki kabisa wakiwa na wazazi wao, na vinywaji huzungushwa mezani bila mtu kuulizwa umri. Hapo bangili ya karatasi isiyovulika bila kukatika, wakivishwa watu wazima tu, itamsaidia mhudumu asiyewajua wageni wa mwenye shughuli.

Kuhusu disko toto, ushauri wangu ni kwamba uliache. Wenyeji wa Tabora hawahitaji kukumbushwa tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi el-Fitri, ambapo watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika msongamano ndani ya ukumbi wa disko mjini hapa. Tangu wakati huo polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza marufuku ya disko toto kila sikukuu zinapokaribia, na sheria niliyoitaja inazungumzia mtoto kuingia klabu, si kunywa pombe tu.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mhudumu wa baa. Kuna mzee, mteja wetu wa siku nyingi, ambaye huja na binti mdogo, huagiza bia mbili na moja humsogezea binti huyo. Nikisita husema ni mwanawe na kwamba yeye ndiye anayelipa. Nifanye nini?
Mhudumu, Cheyo

JIBU: Marahaba, binti yangu. Anayelipa habadilishi umri wa anayekunywa, na hata angekuwa baba yake mzazi, mtoto huyo hapaswi kuwamo humo. Usibishane naye mezani. Mwambie kwa adabu, “Mzee wangu, samahani, nimekatazwa,” kisha uende kwa meneja, kwa maana kumkatalia mteja wa siku nyingi ni kazi ya mwenye mamlaka. Lakini kuna jambo lingine linalonitia wasiwasi kuliko bia yenyewe. Mtu mzima anayemlevya binti mdogo usiku, mara kwa mara, akimwita mwanawe, huenda ana lengo jingine. Piga simu namba 116, ambayo ni ya kupokea taarifa za watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Huna haja ya kuthibitisha lolote kabla ya kutoa taarifa.

SWALI: Mwanangu wa miaka 17 aliletwa nyumbani na bodaboda usiku, amelewa hajitambui. Majirani walinishauri nimpe kahawa na kumwagia maji baridi. Walikuwa sahihi?
Mama, Isevya

JIBU: Pole sana, mama. Hapana, hawakuwa sahihi. Kahawa haiondoi kilevi mwilini, kwani ini hukisafisha kwa mwendo wake lenyewe, na maji baridi humshusha joto mtu ambaye tayari pombe inampotezea joto. Aliyelewa kiasi hicho alazwe kwa ubavu, ili akitapika matapishi yasimwingie kwenye njia ya hewa, na asiachwe peke yake hata kama anakoroma kama mtu aliyelala vizuri. Asipoamka anapotikiswa, akipumua polepole au kwa kusitasita, au midomo ikibadilika rangi, mkimbizeni Hospitali ya Kitete usiku huohuo bila kuona haya. Muulizeni bodaboda alimpakia wapi na saa ngapi, kwa kuwa daktari atataka kujua ameanza kunywa tangu lini, na halmashauri, inayotoa leseni za vileo, itahitaji kujua ni ukumbi gani. Chupa yake mkiipata, nendeni nayo.