Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, tembea mtaa wake

Anayetafuta nyumba ya kupanga humwambia dalali idadi ya vyumba, maji na umeme. Mimi naongeza jambo moja: kabla hujalipa, tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi dukani, hadi kituo cha basi, hadi shuleni. Tembea jua likiwa kali, kisha rudia usiku.

Nimeishi mitaa miwili ambayo duka lilikuwa karibu sawasawa. Kule kwa kwanza barabara ilikuwa pana, magari yakipita kasi, njia ya waenda kwa miguu ikikatika ghafla kwenye mtaro. Hata mkate nilikuwa nikiufuata kwa gari. Nilipohama, gari likaanza kulala siku nzima. Sikuwa nimeweka azimio lolote la afya. Mtaa mpya ulikuwa na miti, milango inayotazama njia, na watu nje hadi usiku.

Mtu mzima hutembea kama kilomita 5 kwa saa, hivyo mita 400 ni dakika 5 tu. Lakini mita hizohizo kandokando ya ukuta mrefu usio na kivuli huchosha kuliko kilomita nzima penye maduka na watu. Tena angalia vichochoro: pasipokuwa na njia za kukatiza, jengo unaloliona kwa macho laweza kukuzungusha mbali sana.

Hata anayetegemea basi lazima apime hili, maana safari ya basi huanza na kuishia kwa miguu. Kituo kikiwa ng'ambo ya barabara isiyovukika, mwenye uwezo atanunua gari au pikipiki, na asiye na uwezo atahatarisha maisha yake kila asubuhi. Hilo linaniuma sana. Kwa hiyo simama kwenye kivuko uone kama madereva wanasimama kweli, na ujiulize kama mzee mwenye mkongojo angewahi kufika upande wa pili. Mwenye kiti cha magurudumu je?

Na mitaa hubadilika. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walipofunga mtaa wa maduka wa Strøget magari yasipite mwaka 1962, wenye maduka walihofia kupoteza wateja, wateja wakaongezeka. Pontevedra, Hispania, ilianza kuondoa magari katikati ya mji mwaka 1999, na leo watoto wengi huko huenda shule kwa miguu. Paris iliweka kikomo cha mwendo wa magari cha kilomita 30 kwa saa kwenye mitaa yake mingi mwaka 2021.

Kama umeshahamia na mtaa haufai kutembea kwa miguu, shirikiana na majirani muandikie halmashauri. Msiombe "barabara bora" kwa jumla. Tajeni kivuko kimoja, mahali pake hasa, ambatanisheni picha, na mwombe jibu la maandishi. Kwa uzoefu wangu, ombi dogo lenye mahali pake hufuatiliwa kwa urahisi zaidi, na likikubaliwa mnapeleka la pili.