Ukuta Unaolia Maji: Maswali Yenu Kuhusu Kuvu Nyumbani

Mvua za mwezi wa tisa zikishika, barua zenu hubadilika. Malalamiko ya taka na vyoo hupungua, watu wanaanza kuuliza juu ya kuta. Nilikuwa afisa wa afya wa manispaa kwa miaka mingi, nimeingia nyumba nyingi zenye uvundo, na nilichojifunza ni kwamba kila kuvu ina maji yake. Usipojua maji yanatoka wapi, utasugua mpaka mikono ichubuke na wiki ijayo utaanza upya.

Naishi Bwaise, Kampala, chumba kimoja na watoto watatu. Ukuta wa nyuma ya kitanda umejaa madoa meusi. Nimefuta kwa Jik, nimepaka rangi mara mbili, yanarudi. Mwenye nyumba anasema kosa ni langu, eti napika ndani na kuanika nguo ndani. Ni kweli?

Pole sana, mama. Mwenye nyumba ana ukweli wa nusu, na nusu nyingine ameificha.

Maji hufika ukutani kwa njia tatu. Kwanza ni juu: bati limetoboka au msumari umelegea, na baada ya mvua unaona doa la duara lenye ukingo wa rangi ya chai. Pili ni chini. Bwaise iko kwenye bonde la kinamasi cha Lubigi, maji ya ardhini yako karibu sana, na ukuta wa matofali usiokingwa huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Unyevu huo mara nyingi huishia kimo cha mita moja hivi, ukiacha lipu inayobomoka na unga mweupe. Unga huo ni chumvi, si kuvu: udondoshee maji, utayeyuka. Tatu ni hewa. Watu wanne wakilala chumba kimoja hutoa mvuke usiku kucha, na sufuria ya maharage inayochemka jioni huongeza wake. Mvuke ukikuta ukuta wa baridi hugeuka maji, kama unavyoona nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nyuma ya kitanda hewa haipiti, kwa hiyo pale ndipo huanzia.

Kuna jaribio halihitaji fundi. Chukua kipande cha nailoni ukubwa wa ukurasa wa gazeti, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, usikiguse siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Yakionekana nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa, na hapo mwite mwenye nyumba aje aone kwa macho yake. Mara nyingi nimekuta yote mawili kwa pamoja, maana ukuta uliolowa huwa wa baridi na huvuta mvuke zaidi.

Upande wako, fanya haya. Sogeza kitanda shubiri moja kutoka ukutani. Maharage yachemkie barazani. Nguo, hata mvua ikinyesha, anika chini ya upenu. Halafu tazama juu ya dirisha: kuna matundu ya hewa? Wapangaji wengi wameyaziba kwa magazeti na matambara kwa sababu ya mbu na baridi. Nawaelewa, malaria si mchezo, lakini toa hayo matambara uweke wavu wa mbu.

Rangi haisaidii kitu. Kuvu huila rangi kutoka chini na kuibambua. Sugua kwanza kwa sabuni na maji, acha pakauke kabisa. Jik hufanya kazi nzuri kwenye vigae, lakini juu ya lipu haiingii ndani ilikojificha mizizi ya kuvu. Na usichanganye kamwe Jik na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia choo: hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Ukisugua, vaa glavu, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, fungua mlango, watoto wawe nje. Eneo likizidi mita moja mraba hivi, usilibebe peke yako.

Kuhusu mwenye nyumba: Sheria ya Uganda ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inamtaka akupangishe mahali panapofaa binadamu kuishi. Sheria hiyo inadai mkataba wa maandishi kodi ikifika shilingi 500,000, na najua wapangaji wa chumba kimoja wengi hawafiki huko, wamekubaliana kwa mdomo tu. Basi jitengenezee ushahidi wako. Piga picha za ukuta zenye tarehe, mwandikie ujumbe wa simu badala ya kumwambia getini, weka risiti zako. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, ukiwa na ile nailoni mkononi. Mpangaji kulaumiwa kwa kupumua ndani ya chumba anacholipia ni jambo linaloniudhi tangu nilipokuwa kazini.

Tuko Kasese. Mto uliingia ndani, maji yakakaa siku mbili. Godoro tumelianika juani siku nne, juu limekauka lakini lina harufu. Tulitumie?

Hapana, ndugu. Kuvu huanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48, na godoro la sponji lina tumbo ambalo jua halilifikii. Hiyo harufu ndiyo jibu lenyewe. Tena maji ya mafuriko hubeba vinyesi. Najua bei ya godoro, najua pia kwamba Kasese mmekwisha kuanza upya zaidi ya mara moja, hasa baada ya mto Nyamwamba kufurika Mei 2020. Ila kama kuna kitu kimoja cha kununua kwanza, kiwe hicho cha kulalia. Vyuma, plastiki na vyombo vya udongo vilivyochomwa vinaoshwa kwa sabuni na kutumika. Mbao ngumu husuguliwa na kukaushwa. Mazulia, mito na karatasi, achaneni navyo. Msipige lipu mpya mpaka ukuta ukauke hadi ndani, na hilo huchukua wiki nyingi.

Huku Kabale usiku ni baridi na chumba changu kina unyevu. Nikiwasha sigiri ndani na kufunga dirisha, kuta zitakauka?

Usifanye hivyo hata usiku mmoja, kijana wangu. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Inakulaza usingizi, na usingizi wenyewe hauamki. Kuvu inakukohoza, sigiri ndani ya chumba kilichofungwa inaua kabla ya asubuhi. Kausha chumba mchana: milango na madirisha ya pande mbili yafunguliwe jua linapotoka, hewa ipite moja kwa moja.

Tuko Gulu. Dari letu lina kuvu tangu mvua za mwezi wa nne. Mtoto wa miaka minne anakohoa usiku na kifua kinapiga filimbi. Mume wangu alitibiwa TB miaka mitatu iliyopita, akapona, sasa amerudia kukohoa. Ni kuvu inayotuumiza?

Dada, hao ni wagonjwa wawili tofauti, tuwachukue mmoja mmoja.

Mtoto kwanza. Kuvu hutoa mbegu ndogo zisizoonekana, zinaelea hewani na tunazivuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu nyumba zenye unyevu na kuvu, likasema wanaoishi humo wako kwenye hatari zaidi ya pumu, kikohozi, kifua kupiga filimbi na maambukizi ya njia ya hewa. Kifua kinachopiga filimbi usiku ni dalili ya kumpeleka akapimwe pumu. Angalia pia hili: akilala kwa bibi yake wiki nzima anapata nafuu, akirudi anaanza tena? Mwambie daktari, litamsaidia kuliko maneno mengi. Ila akipumua haraka, mbavu zikizama ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, usingoje asubuhi.

Watu hudharau jambo hili kwa sababu kuvu tumeizoea. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wamelalamika muda mrefu juu ya kuvu kwenye nyumba yao ya kupanga, wakaambiwa wapake rangi. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto aliuawa na ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi kwenye kuvu. Mwaka uliofuata bunge la huko lilipitisha kifungu kinachobeba jina lake, cha kuwabana wenye nyumba za umma wazishughulikie nyumba hizo kwa muda uliowekwa. Wakaambiwa wapake rangi. Nikisoma hilo huwakumbuka akina mama wengi wa hapa kwetu.

Sasa mumeo, na yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, kwanza apimwe TB. Vituo vya serikali hupima bure. Lakini kipimo kikisema hana, msikubali kurudishiwa dozi ya TB kwa kubahatisha. Kuna kuvu iitwayo Aspajilasi ambayo hupenda kuota kwenye mashimo yanayoachwa na TB ndani ya mapafu. Utafiti uliofanyika hapo hapo Gulu na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata watu waliokwisha kutibiwa TB, ukakuta karibu 1 kati ya 20 ana ugonjwa huo, na miongoni mwa wale wenye mashimo kwenye picha ya kifua, takriban 1 kati ya 4. Mgonjwa hukohoa kwa miezi, hukonda, huchoka, wakati mwingine hutema damu, na kila mtu anadhani ni TB ileile. Huhitaji picha ya kifua na kipimo cha damu, kisha dawa za kuua kuvu zinazomezwa kwa miezi kadhaa. Mtajieni daktari jina hilo. Akitema damu, aende hospitali siku hiyohiyo.

Je, ni dari lililomletea? Siwezi kusema hivyo, maana mbegu za Aspajilasi zimo pia kwenye udongo, majani makavu na maganda ya nafaka. Lakini mtu mwenye mapafu yaliyopitia TB asipande ngazi kusugua dari. Kazi hiyo ampe mwingine, naye asiwe ndani.

Nimepata ujumbe wa WhatsApp kwamba kuvu nyeusi ni ya sumu na huua watoto, lakini ya kijani na nyeupe haina shida. Ni kweli?

Rangi haikuambii hatari. Habari hizo zilitokana na Cleveland, Marekani, ambako watoto wachanga kadhaa walitokwa damu mapafuni mwaka 1993 na 1994, na kuvu nyeusi ikashukiwa. Mamlaka ya magonjwa ya Marekani iliyapitia upya matokeo mwaka 2000, ikasema uhusiano huo haukuthibitishwa. Toeni kuvu ya kila rangi.

Mimi ni mfanyabiashara wa Busia. Stoo imejaa, kwa hiyo magunia ya karanga na mahindi nimeyaweka chumbani, sakafuni. Baadhi yameanza kuota ukungu. Nikiyaosha na kuyakaanga si yanafaa kuliwa?

Mama, hapa swali limehama kutoka mapafuni hadi kwenye ini. Kuvu ya karanga na mahindi hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Unakaanga, unasaga, unapika posho, sumu imo. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ikiingia kwa wingi huua ndani ya siku chache: Kenya, mwaka 2004, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Wewe wa mpakani unakumbuka pia Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Malori yalijipanga, nanyi ndio mliokula hasara.

Yaliyoota, yaliyosinyaa na yaliyobadilika rangi, yatoe. Usiyauze kwa bei ya chini kwa wenye kuku, kwani kuku nao hudhurika, na ng'ombe huipitisha sumu kwenye maziwa. Kwa yaliyobaki, inua magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Huna mashine ya kupimia? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Ukishapata nafasi ya stoo, hamisha. Magunia yanayotoa vumbi la kuvu kando ya kitanda ni mabaya kwa kifua pia.

Najenga Mukono. Fundi anasema dipisii ni kupoteza pesa. Niiache?

Usiiache. Ile nailoni nyeusi inayolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha ukuta ndiyo inayokata njia ya maji ya ardhini. Ni rahisi leo, na ukuta ukishasimama kuiweka ni kazi ya kubomoa. Hakikisha sakafu iko juu ya usawa wa ua, na maji ya paa yashikwe na kupelekwa mbali na msingi.

Mzee wa Jinja hapa. Msahafu wa marehemu baba yangu umeota madoa ya ukungu kabatini. Niuanike juani?

Jua kali litakunja kurasa na kufifisha wino, mzee wangu. Ufungue kivulini, barazani penye upepo, siku kavu, ukigeuza kurasa taratibu mpaka zikauke. Kisha, ukiwa nje na barakoa usoni, pangusa ukungu kwa brashi laini, ukipeleka vumbi mbali nawe. Usitumie maji. Kabati nalo lifutwe, likaushwe, lisogezwe mbali na ukuta wa upande wa ziwa. Ukiona kuna kurasa zilizooza kabisa, zungumza na shehe wa msikiti wenu akuelekeze namna ya kuzizika.