Majivu ya Pumba si Saruji ya Bei Nafuu

Vijana wangu mlioanza kazi ya ujenzi hapa Tanga, nimelazimika kuandika kwa sababu bado naona karai la majivu likimwagwa juu ya saruji bila mtu kuuliza yalichomwa wapi na kwa moto gani. Bidii yenu naipenda, lakini kosa hili ni la zamani mno na linawagharimu watu.

La kwanza ni moto. Pumba za mpunga, hizi zinazorundikana kwenye mashine za Mombo na Korogwe, huacha takribani moja ya tano ya uzito wake kuwa majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Zikichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi za Selsiasi, silika hiyo hushikana na chokaa inayozalishwa saruji inapokutana na maji, na hapo ndipo nguvu hupatikana. Moto ukizidi na kudumu, silika hugeuka fuwele na kuwa sawa na mchanga tu.

Nyumba moja upande wa Ngamiani ilipigwa lipu na vijana waliochukua majivu kwenye tanuri la matofali. Ya katikati ya tanuri yalikuwa meupe yanayoelekea waridi, ya pembeni meusi tii. Wakayachanganya yote bila kuyasaga wala kuyachekecha, wakapunguza theluthi nzima ya saruji. Yale meusi yalijaa kaboni, nayo kaboni hunywa maji, kwa hiyo kila lipu ilipokuwa nzito kwenye mwiko saidia fundi aliongeza ndoo, na kila ndoo ilipunguza nguvu. Ukuta ulipendeza. Siku ya pili wakaacha kumwagilia, ilhali mchanganyiko wa majivu hukomaa polepole na huhitaji unyevu kwa wiki nzima au zaidi, hasa majira ya kusi ambapo upepo haupumziki. Mama mwenye nyumba alikuja, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama kilivyojaa vumbi, akauliza kwa upole, "Wanangu, hii ni lipu au unga?" Hakuna aliyepata jibu. Lipu ilibanduliwa chumba hadi chumba, saruji ikanunuliwa upya, na akiba yote iliyokusudiwa ikapotea. Naumia kila ninapolikumbuka jambo hili, maana mama yule alikuwa amewaamini.

Kipimo cha kujua kama majivu yanafaa kilikuwa rahisi: changanyeni majivu yaliyosagwa laini na chokaa iliyozimwa, tengenezeni vidonge, vifungeni kwenye nailoni kwa siku 7, kisha vitumbukizeni majini. Vikimeng'enyuka, majivu hayo hayafai.

La pili, someni mfuko kabla ya kuufungua. Ukiandikwa CEM II/B, saruji hiyo tayari imechanganywa kiwandani kwa asilimia 21 hadi 35 ya vitu visivyo klinka (kiini cha saruji kinachochomwa tanurini), kwa mfano unga wa mawe ya chokaa. Mkiongeza majivu juu yake mnapunguza kilichokwisha kupunguzwa. Anzeni kwa kubadili sehemu moja ya kumi ya saruji, tena kwa majaribio.

La tatu ni tope la kabaidi kutoka gereji za kuchomelea, yaani mabaki ya mawe yanayotoa gesi ya kuchomelea yakikutana na maji. Hiyo ni chokaa nzuri kwa lipu, lakini iacheni mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, mpaka gesi iliyobaki itoke yote, kwa sababu gesi hiyo hulipuka.

Slagi, yaani mabaki ya mawe yanayotokana na kuyeyusha chuma, nayo si moja: ya tanuri la chuma ghafi iliyopoozwa ghafla kwa maji na kusagwa hufaa, bali ya kuyeyusha chuma cha pua na chakavu inaweza kuvimba ndani ya ukuta na kuupasua.

Mwisho ni mkonge, mali yetu. Katika jani zima nyuzi ni takribani asilimia 4 tu, na zile fupi zinazobaki kwenye korona (mashine ya kuchakata mkonge) huzuia lipu isichanike inapokauka. Zioshwe mpaka maji yatoke safi, kwani utomvu wake una sukari, na sukari huchelewesha saruji kushika. Tena, chokaa ya saruji huzila nyuzi hizo mwaka hata mwaka mpaka zikatike kama majani makavu, kwa hiyo majivu yaliyochomwa vizuri yana faida ya pili: huitumia chokaa hiyo kabla haijazifikia.