Tumchangie akapige MRI?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Mbagala, mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, alianza kusikia sauti mwaka juzi, tukaenda kwa mganga wakasema katupiwa jini, mwisho hospitali wakasema skizofrenia. Sasa mjomba kasoma kwamba huo ugonjwa unasinyaza ubongo, anataka ukoo uchange apige MRI (kipimo cha picha ya ubongo) tujue kama ndo wenyewe au ni baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) kama ya mama mdogo. Halafu mama mdogo anatumia dawa ya lithiamu kwa hiyo baipola, majirani wanamwambia aache eti inakausha ubongo. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mjomba hajatunga, ubongo unabadilika kweli. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake kule London waliwapiga picha za kichwa za CT skani wagonjwa 17 wa skizofrenia ya muda mrefu, wakakuta vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo vimetanuka. Miaka ya karibuni watafiti wa nchi nyingi wanaojiita ENIGMA wamekusanya picha za wagonjwa zaidi ya 4,400, wakaona gamba la juu la ubongo limekuwa jembamba, hasa sehemu ya mbele na ile ya usawa wa masikio. Kwenye baipola nako wameona mambo yanayofanana na hayo, ila kidogo zaidi.

Lakini hayo yote ni wastani, na tofauti yenyewe haifiki hata milimita moja. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake si ndiyo, sasa nikikwambia kuna mtu ana futi tano na nusu utajua ni mwanaume au mwanamke? Hujui. Ndo maana hakuna daktari wa kuangalia picha ya mdogo wako akasema hii skizofrenia, hii baipola. Kinachotenganisha ni maelezo yenu nyumbani: sauti anazisikia hata akiwa katulia tu, au zinakuja zile siku kachangamka kupita kiasi, halali usiku, anagawa hela, anaongea bila kupumua? Hayo mwandikieni daktari kwenye daftari, na tarehe zake, yana thamani kuliko picha.

MRI inaombwa daktari akihofia kitu kingine, labda mgonjwa anaanguka kifafa, aliumia kichwa, au upande mmoja wa mwili umelegea. Kama hajaiomba, mchango wa ukoo uende kwenye dawa na nauli ya kliniki.

Kuhusu mama mdogo, majirani wamegeuza mambo kabisa na hili linaniuma. Kwenye picha za ENIGMA za wagonjwa wa baipola, zilizotolewa 2018, waliokuwa wanatumia lithiamu ndo gamba lao lilikuwa nene kuliko wasioitumia. Asiache ghafla jamani, ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi. Lithiamu inataka kuangaliwa kwenye figo na tezi ya shingo, kwahiyo vipimo vya damu asiviruke. Na joto hili la Dar anywe maji ya kutosha, asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kila mgongo ukiuma maana zinafanya lithiamu ijae kwenye damu; kuharisha na kutapika nako kunaijaza vilevile. Mkimuona anatetemeka sana, anayumba, ulimi mzito, msisubiri siku ya kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na mbebe dawa zake zote anazotumia.