Old Warden: chagua jioni isiyo na upepo

Ndugu, umeuliza kama makumbusho ya ndege ya Shuttleworth, pale Old Warden nchini Uingereza, yanafaa kutengewa siku nzima wakati ni madogo na hayana ndege kubwa za abiria. Yanafaa sana. Ndege nyingi za pale bado zinaruka, na hilo ndilo linaloyatofautisha na makumbusho mengi makubwa.

Anza na Blériot XI ya mwaka 1909. Isogelee uitazame vizuri: mbao, kitambaa, waya, na injini ya Anzani ya silinda 3. Mabawa hayana vibao vya kugeuzia kama vya leo. Rubani huvuta waya na bawa lenyewe linajipinda. Ndiyo maana hairushwi ila hewa ikitulia kabisa, na hata hapo huinuka kidogo tu juu ya majani kisha ikatua. Kwa hiyo tafuta siku ya maonyesho ya jioni, upepo unapokufa. Mimi nilipoiona ikiachana na ardhi, machozi yalinilengalenga.

Usipite haraka kwenye Sopwith Pup pia, ndege ya kivita ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Injini yake nzima huzunguka pamoja na propela, na hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Ikiwashwa utasikia harufu yake.

Halafu kuna Comet nyekundu, ndege ya mbio aina ya DH.88, iliyoshinda mbio za ndege za mwaka 1934 kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia, kwa muda usiotimia siku 3. Hiyo izunguke taratibu, pande zote.