Kupiga simu kwa Kihindi

Umeuliza jinsi ya kusema "nitakupigia simu" kwa Kihindi. Lugha hiyo haitumii kitenzi cha kupiga, bali hutumia karna, yaani kufanya, na anayepigiwa hufuatwa na neno dogo ko, linaloonyesha anayetendewa: mwanamume husema "main aapko fon karunga", na mwanamke "main aapko fon karungi", kwa kuwa kitenzi hubadilika kufuatana na jinsia ya msemaji, jambo ambalo sisi tuliozoea ngeli hulisahau upesi, hivyo nakusihi ulizingatie tangu mwanzo. Kukata simu ni fon kaatna, sawasawa na kwetu, ilhali kupokea ni fon uthana, yaani kuinua. Simu isipopatikana, husemwa "fon nahin lag raha hai". Ukishapokelewa, taja jina lako kisha uongeze "bol raha hoon", yaani ninazungumza, au "bol rahi hoon" ikiwa wewe ni mwanamke. Kwa mtu mzima, au yeyote usiyemfahamu, shikilia aap, yaani "wewe" ya heshima, maana tum ni "wewe" ya marafiki; na ukitaka asubiri kidogo, mwambie "zara rukiye".